Mgodi Mpya wa Makaa ya Mawe: Mambo ya Kuamuliwa Kabla Shimo Halijafunguliwa

Mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa pekee kwa Bonde la Ruhuhu, kusini magharibi mwa Tanzania. Wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, kampuni ya Tancoal Energy, ambayo Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lina hisa za asilimia 30, ilianza kuchimba makaa ya mawe katika mgodi wa wazi wa Ngaka. Septemba mwaka huohuo, NDC lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China kwa ajili ya kuendeleza makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga wilayani Ludewa, wilaya iliyokuwa ya mkoa wa Iringa na ambayo sasa ni ya mkoa wa Njombe.

Zaidi ya miaka kumi imepita. Makaa ya Ngaka yamewasha matanuri ya viwanda vya saruji nchini, na makaa ya Ruvuma yamepakiwa melini katika Bandari ya Mtwara. Mchuchuma, yenye akiba iliyothibitishwa ya tani milioni 428, haijapata kituo cha umeme wala kiwanda cha chuma vilivyotajwa katika mkataba wake. Bonde ni moja na mwamba ni wa zama zilezile. Tofauti ya miradi hii miwili inampa mwananchi kipimo cha kutumia kila linapotolewa tangazo la mgodi mpya: wingi wa makaa yaliyo ardhini haujawahi peke yake kuamua kama mgodi utafunguliwa, wala kama utawanufaisha wanaoishi kando yake. Yanayoamua ni mnunuzi, njia ya kusafirishia, haki ya mwenye ardhi na fedha ya kulifunga shimo. Mambo hayo yote huamuliwa vizuri zaidi kabla kijiko cha kwanza hakijagusa udongo.

Mgodi wa wazi hufanyaje kazi

Makaa ya mawe yanayozungumziwa hapa ni yale ya kuzalisha joto, yanayochomwa katika vituo vya umeme na matanuri ya viwanda. Hayafanani kimatumizi na makaa maalumu ya kuyeyushia chuma, ambayo kwa kawaida bei yake ni kubwa zaidi. Katika Bonde la Ruhuhu, makaa yamelala kwa matabaka ndani ya miamba ya Karuu. Pale tabaka linapokuwa karibu na uso wa ardhi, huwa ni nafuu zaidi kuondoa udongo na mwamba ulio juu yake kuliko kuchimba mahandaki. Huo ndio mgodi wa wazi.

Hatua zake zinafahamika. Udongo wa juu wenye rutuba huondolewa na kuhifadhiwa kando. Mwamba hupasuliwa kwa baruti, kisha vijiko na malori huuhamishia katika vilima vya kifusi. Tabaka la makaa likifikiwa, makaa huchimbwa, hupondwa na kuchekechwa kulingana na ukubwa anaoutaka mnunuzi. Kuta za shimo hukatwa kwa ngazi ili zisiporomoke.

Hesabu kuu ya mgodi wa aina hii ni tani ngapi za mwamba zinaondolewa ili kupata tani moja ya makaa. Kadiri shimo linavyozidi kwenda chini, ndivyo uwiano huo unavyopanda na faida inavyopungua. Kwa sababu hiyo mgodi unaoonekana wenye nguvu katika miaka yake ya mwanzo unaweza kudhoofika baadaye, hata kama makaa bado yapo. Mwananchi anayesikia kwamba mgodi utadumu kwa miaka mingi ana haki ya kuuliza ni kwa bei gani ya makaa hesabu hiyo imefanywa.

Mnunuzi huja kwanza

Ngaka ilianza na soko lililokuwepo tayari. Viwanda vya saruji vinahitaji joto kali mchana na usiku, na makaa ya mawe hutoa joto hilo. Mwaka 2016 Serikali ilipozuia uagizaji wa makaa kutoka nje ya nchi, viwanda vilielekezwa kutumia makaa ya ndani, kikiwemo kiwanda cha Dangote cha Mtwara, kilichokuwa kimeanza uzalishaji mwishoni mwa mwaka 2015. Uamuzi huo ulizua mjadala wakati ule kuhusu ubora, bei na uhakika wa kufikisha mzigo kwa wakati. Hata hivyo, ulionesha jambo moja wazi: mgodi wenye mteja anayeujua unaweza kuanza kwa kiwango kidogo na kukua.

Mchuchuma ilijengwa juu ya fikra nyingine. Mradi uliokubaliwa, wenye thamani iliyokadiriwa kuwa dola za Marekani bilioni 3, ulifunga pamoja mambo mengi: mgodi wa makaa, kituo cha umeme cha megawati 600, njia ya kusafirishia umeme, mgodi wa chuma wa Liganga na kiwanda cha kuyeyusha chuma hicho. Umeme ungetokana na makaa, chuma kingetokana na umeme, na sehemu ya umeme ingeuzwa kwenye gridi ya Taifa. Mantiki yake ilikuwa ya kuvutia kwa nchi inayotaka kuacha kuuza malighafi. Udhaifu wake ni kwamba kila sehemu iliisubiri nyingine. Kituo cha umeme hakina maana bila mgodi, mgodi hauna mteja bila kituo, na kiwanda cha chuma hakiwezi kusimama bila vyote viwili. Majadiliano kuhusu vivutio vya uwekezaji yalipokwama, mnyororo mzima ulikwama.

Wakati mradi ukisubiri, mazingira yake yamebadilika mara mbili. Septemba 2021, Rais Xi Jinping wa China aliutangazia Umoja wa Mataifa kwamba nchi yake haitajenga tena miradi mipya ya umeme wa makaa ya mawe nje ya mipaka yake. Kwa mradi uliotegemea mtaji wa China, tamko hilo lina uzito. Pili, Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, limeanza kuzalisha umeme tangu mwaka 2024. Megawati 600 za makaa zilizoonekana kuwa za lazima mwaka 2011, nchi ilipokuwa katika mgawo mkali wa umeme, sasa zinapaswa kujieleza upya: ni kwa ajili ya kiwanda gani, na kwa gharama gani ikilinganishwa na vyanzo vingine?

Swali hilo haliondoi thamani ya makaa ya Mchuchuma. Linahamisha tu mahali pa kuanzia. Mnunuzi wa leo wa makaa ya kusini anapatikana zaidi katika saruji, katika viwanda vya nchi jirani na katika soko la nje. Upo pia mkaa mbadala wa kupikia, kama ule unaotengenezwa na Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) kwa kutumia makaa ya Kiwira. Matumizi hayo yanakutana na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034.

Barabara hula faida

Makaa ya mawe ni mzigo mzito wenye thamani ndogo kwa kila tani. Kilo moja ya dhahabu inaweza kubebwa mkononi. Kwa makaa, thamani ya maana hupatikana kwa maelfu ya tani. Kutoka migodi ya Ruvuma hadi Bandari ya Mtwara ni zaidi ya kilomita 600. Lori la kubeba tani 30 litahitaji safari 2,000 ili kujaza meli moja ya tani 60,000, na kila safari inatumia mafuta, matairi na lami ya umma.

Ukweli huo ulionekana wazi mwaka 2022. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Umoja wa Ulaya ulizuia makaa ya Urusi kuanzia Agosti mwaka huo. Bei ya kimataifa ya makaa ya kuzalisha joto ilipanda hadi kuvuka dola 400 kwa tani katika soko la Newcastle nchini Australia. Kwa bei hiyo, safari ya kilomita 600 kwa lori ililipa. Meli zilifika Mtwara, madereva wakapata kazi, na wauza chakula kando ya barabara wakapata wateja. Katikati ya mwaka 2023 bei ilikuwa imeporomoka na kushuka chini ya nusu ya kilele kile. Gharama ya lori haikushuka kwa kiasi hicho.

Mgodi mpya unaopangwa kwa kutumia bei ya mwaka 2022 unajengwa juu ya mchanga. Ndiyo maana mipango ya Serikali ya reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, pamoja na bandari maalumu ya shehena chafu katika eneo la Kisiwa Mgao mkoani Mtwara, ina uhusiano wa moja kwa moja na hatima ya migodi hii. Reli ya takriban kilomita 1,000 ni uwekezaji mkubwa unaohitaji mzigo wa uhakika ili ujilipe, na mgodi unahitaji reli ili upate mzigo wa uhakika. Hapa tena kuna hatari ya kila upande kuusubiri mwingine.

Hadi reli itakapokamilika, mzigo utaendelea kupita barabarani. Wilayani Ludewa, sehemu ya Lusitu hadi Mawengi, yenye urefu wa kilomita 50 katika barabara ya Itoni–Ludewa–Manda, ilijengwa kwa zege, katika ukanda wenye mvua nyingi na miinuko mikali. Ni mfano wa miundombinu iliyotangulia mgodi. Barabara hiyo inamhudumia mkulima wa Ludewa leo, hata kabla lori la kwanza la makaa ya Mchuchuma halijapita. Uwekezaji wa namna hiyo haupotei hata ratiba ya mgodi inapobadilika, na una nafuu kubwa kuliko ule unaomfaa mwekezaji mmoja tu.

Haki ya mwenye shamba

Kisheria, madini yote yaliyo ardhini ni mali ya Watanzania wote, Rais akiwa mdhamini wao. Anayelima juu ya madini hayo hawi mmiliki wa makaa yaliyo chini ya shamba lake, lakini ana haki ya fidia kamili ya ardhi na maendelezo yake. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zinataka fidia itolewe kwa thamani ya soko, kwa ukamilifu, kwa haki na kwa wakati. Pamoja na thamani ya ardhi, mazao na majengo, kanuni zinatambua posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na fidia ya kupoteza faida. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka malipo yafanyike ndani ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Malipo yakichelewa, riba huanza kuhesabiwa, na uthamini una ukomo wa miaka 2.

Masharti hayo yana sababu yake, na sababu hiyo inaonekana Ludewa. Eneo likishatangazwa kuwa la mradi, mwenye shamba hujikuta njia panda. Akipanda miti ya miaka mingi au kujenga nyumba mpya, hana hakika kama itahesabiwa. Akiacha kupanda, anapoteza kipato huku mradi haujaanza. Wananchi waliopisha miradi ya Mchuchuma na Liganga waliishi katika hali hiyo kwa miaka kadhaa kabla ya Serikali, mwaka 2023, kuanza kuwalipa fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 15. Malipo hayo yalifungua ukurasa uliokuwa umefungwa muda mrefu. Lakini miaka ya kusubiri hairudishwi kwa hundi, na somo lake kwa mgodi wowote mpya ni kwamba uthamini usifanyike mapema kuliko uwezo wa kulipa. Kuwathamini watu pasipo fedha mkononi ni kuwasimamishia maisha.

Sheria ya Madini nayo inamtaka mwombaji wa leseni kubwa ya uchimbaji, inayohusu mtaji usiopungua dola za Marekani milioni 100, awasilishe mpango wa kuwahamisha, kuwalipa fidia na kuwapatia makazi wananchi wanaoathirika, pamoja na mpango wa ajira na mafunzo kwa Watanzania na mpango wa manunuzi ya ndani. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, Serikali inastahili hisa zisizopungua asilimia 16 zisizopunguzwa katika kampuni inayomiliki leseni ya uchimbaji wa kati au mkubwa. Mrabaha hutozwa kwa thamani ghafi ya madini, na kampuni inatakiwa kuandaa mpango wa uwajibikaji kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri husika. Halmashauri hupata pia ushuru wa huduma.

Kwa kijiji kilicho kando ya shimo, sehemu yenye maana ya haraka zaidi ni huo mpango wa uwajibikaji kwa jamii. Unapoandikwa baada ya mkutano wa kijiji kusema mahitaji yake, huleta zahanati yenye dawa na mabomba yenye maji. Unapoandikwa ofisini pekee, mara nyingi huishia kwenye jengo lisilo na mtumishi.

Maji, vumbi na shimo linalobaki

Tathmini ya athari kwa mazingira ni sharti la kisheria chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na huratibiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Katika makaa ya mawe, tathmini hiyo inahitaji umakini wa pekee katika maeneo kadhaa.

La kwanza ni maji. Makaa na miamba inayoyazunguka huweza kuwa na madini ya salfa. Miamba hiyo inapofunuliwa na kukutana na hewa na mvua, maji yanayotiririka humo huweza kuwa na asidi na kubeba metali. Mto Ruhuhu unamwaga maji yake katika Ziwa Nyasa, ambalo Tanzania inalitumia pamoja na Malawi na Msumbiji, na ambalo wavuvi wa Manda na Lituhi wanalitegemea kwa kitoweo na kipato. Mabwawa ya kukusanya na kutibu maji ya mgodi yanatakiwa yawepo kabla ya msimu wa kwanza wa mvua. Yakijengwa baada ya samaki kufa, yamechelewa.

La pili ni vumbi, shimoni, barabarani na bandarini. Kumwagia maji barabara, kufunika malori kwa turubai na kuhifadhi mzigo mbali na makazi ni hatua za gharama ndogo zinazopimika kwa macho ya mwananchi yeyote. La tatu ni moto: rundo la makaa likiachwa muda mrefu bila kushindiliwa huweza kupata joto lenyewe na kuwaka. Mnunuzi anapochelewa, hatari hiyo huongezeka, na hapo suala la soko hugeuka kuwa suala la usalama.

La mwisho ndilo husahaulika zaidi. Kila mgodi wa wazi una siku ya kufungwa. Sheria inataka mpango wa ufungaji wa mgodi uandaliwe mapema na dhamana ya kurekebisha mazingira iwekwe, ili kampuni ikifilisika au ikiondoka, gharama ya kufukia, kusawazisha kingo na kurudisha udongo wa juu isiangukie kwa walipa kodi. Kwa makaa ya kuzalisha joto sharti hili lina uzito zaidi kuliko kwa madini mengine. Tangu mkutano wa tabianchi wa Glasgow wa Novemba 2021, mataifa yamekubaliana kupunguza hatua kwa hatua umeme wa makaa usiodhibitiwa hewa chafu. Tanzania inachangia sehemu ndogo sana ya hewa hiyo duniani, na ina haki ya kutumia rasilimali yake kujenga viwanda. Lakini wanunuzi wa nje na mabenki hufanya uamuzi wao kwa vigezo vyao. Mgodi unaweza kupoteza soko kabla ya kumaliza makaa, na dhamana iliyopangwa kukusanywa polepole kwa miaka mingi inaweza kukuta shimo likiwa wazi na mfuko ukiwa nusu.

Kipimo cha tangazo lijalo

Yote haya yanarudi kwenye tofauti ya mwaka 2011. Ngaka ilianza ndogo, ikiwa na mteja na barabara, ikakua kwa kadiri soko lilivyoruhusu. Mchuchuma ilianza ikiwa kubwa, na ukubwa huo ukawa mzigo wake. Kwa wasimamizi wa sekta, njia iliyo salama zaidi ni kuutenganisha mradi katika hatua zinazoweza kusimama zenyewe: makaa yapate mnunuzi wake, chuma kipate ratiba yake, na reli ipangwe kwa mzigo uliothibitishwa.

Kwa mwananchi, tangazo lijalo la mgodi mpya, liwe la Ludewa, Mbinga, Songwe au Rukwa, lina mambo machache ya kulipimia. Mnunuzi ni nani, na ameahidi kununua kwa bei na muda gani? Mzigo utapita wapi, na nani atakarabati njia hiyo? Fedha ya fidia ipo tayari siku wathamini wanapoingia kijijini? Dhamana ya kufunga shimo imewekwa kiasi gani kabla ya mwaka wa kwanza kuisha? Maswali hayo yanaulizika katika mkutano wa kijiji, katika baraza la madiwani na katika mikutano ya wadau inayofanyika wakati wa tathmini ya mazingira. Mlango huo uko wazi zaidi kabla leseni haijatolewa. Leseni ikishatoka na baruti ikishalipuliwa, kinachobaki kujadiliwa ni fidia ya madhara.